Wasichana wa Jumatano

Jumatano, 6 Novemba 2002

Hita imekufa. Fundi wa kaunsili, wenye nyumba hizi za London, hajaja. Binti yangu Sidonie yuko kazini anaogesha wazungu wazee — kazi gani hiyo! Nikamfuata mjukuu wangu Reine chuoni kwake ili nipate joto. Joto tu.

Kumbe ni mchezo. Basketi. Wasichana kumi, Reine mmoja wao, kaptura, mapaja nje, wanagombea mpira mmoja kama mbwa na mfupa. Nikasema huyu nitamshika mkono nimrudishe nyumbani. Mimi nimeendesha lori la miwa kule kwetu Kiliba miaka kumi na tisa na sijapata kuona mwanamke anakimbia vile bila kufukuzwa.

Halafu lijitu moja la timu ya pili likampiga Reine kiwiko mdomoni. Damu. Reine akafuta damu kwa jezi, akachukua mpira, akapita katikati yao, akarusha. Ndani! Nikapiga ukelele mpaka refa akageuka.

Sitaenda tena. Si mambo ya mtu wa umri wangu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda. Hita bado.

Jumatano, 20 Novemba

Hita imetengenezwa tangu juzi. Nimekwenda.

Sheria nazijua zote. Pasta Norbert wa kanisa letu alikaa miaka minne chuo cha Biblia na bado anapotea kwenye Nehemia. Mimi, darasa la tatu, nimeshika mambo ya basketi kwa siku tatu. Faulo, pasi, mpira wa nje. Nikamwambia Reine njiani makosa yake yote, kumi na moja. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba kocha ana mdomo wake. Nikamwambia kocha muzungu ajifunze kwangu.

Timu ina kamsichana kamoja ka Kihindi, Alka. Kafupi, kamekonda, magoti kama ya mbuzi. Kameingia dakika tatu, kamepoteza mpira mara mbili. Nikasema kwa sauti, Kiswahili, nani atajua? — “Toeni hako kakuku kalikonyonyolewa!”

Bibi mmoja wa sari na koti zito akageuka.

“Mzee, huyo kuku ni mjukuu wangu. Na wewe mdomo wako ni tarumbeta ya harusi ya maskini.”

Kiswahili safi! Anaitwa Damyanti. Mzaliwa wa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikahama kiti nikakaa karibu naye. Miaka mitano London, ndiyo mara ya kwanza mtu kunitukana vizuri.

Jumatano, 4 Desemba

Stratford, kwenye uwanja wa wapinzani. Treni mbili na basi. Mvua. Sidonie aliteleza asubuhi kwenye ngazi, mguu umevimba kama kiazi. Alitaka nimsindikize hospitali. Nikamwekea maji karibu na kitanda na simu. Mguu si moyo, haumuui mtu.

Tumeshinda kwa pointi tisa! Reine peke yake ishirini na mbili. Wazazi wa wale wakanyamaza kama wamekula gundi. Nikasimama nikawauliza: mmefiwa?

Sidonie alipelekwa na jirani. Amevunjika kidole cha mguu. Hasemi na mimi. Vizuri, nyumba imetulia.

Jumatano, 11 Desemba

Damyanti alileta chevda, ule mchanganyiko wao wa karanga na pilipili, ndani ya kopo. Tunakula na kutukanana. Yeye akaanza kumsifu mjukuu wake. Alka alisema neno la kwanza ana miezi tisa. Alka alisoma gazeti ana miaka minne. Alka ana kumi na saba tu, subiri akue, atampita huyo twiga wako.

Mimi kushindwa kusifu mtoto? Kwetu babu ndiye anayempa jina mjukuu wa kwanza, na akitaka kumsifu mbele za watu anataja siku aliyompokea. Nikasimama.

“Huyu nilimpokea mimi kwa mikono hii! Mwezi wa sita, elfu moja mia tisa themanini na mbili, wiki ile ile kampuni iliponipa lori jipya! Alitembea ana miezi minane!”

“Themanini na mbili, mzee? Una hakika?”

“Hakika! Mimi sisahau mwaka. Niulize mwaka wowote!”

Akafunga kopo lake. Hakula tena.

Kwenye karatasi za hapa Reine ni wa themanini na tano. Tulipofika alikuwa amepoteza shule miaka mitatu kwa vita, Sidonie akamwandika hivyo, akae darasani na watoto. Na timu hii ni ya chini ya miaka kumi na tisa. Lakini Damyanti ni mtu wa kwetu. Mtu wa Kiswahili hamchongei mwenzake.

Jumatatu, 20 Januari 2003

Barua kutoka Amerika! Chuo kikubwa kinamtaka Reine akawachezee. Watamlipia masomo, chumba, chakula, viatu. Huko wasichana wa chuo wanatazamwa na uwanja mzima, watu elfu na elfu, ameniambia Reine mwenyewe. Sidonie amelia. Reine amenikumbatia — mimi! Jioni kanisani nimesimama nikatoa ushuhuda, dakika arobaini. Pasta Norbert alijaribu kuninyamazisha. Hajui basketi, atajua nini?

Jumatano, 29 Januari

Tumefungwa. Kwa sababu ya Alka.

Reine alikuwa na faulo tano, katolewa. Sekunde za mwisho kakuku kamepewa mitupo miwili. Wa kwanza nje. Wa pili haukugusa hata chuma. Hewa tupu! Nikashuka mpaka kando ya uwanja nikaigiza: magoti yale, mikono ile, mtupo wa mtoto anayetupa kinyesi. Watu wakacheka. Hata wale walioshinda. Alka akakaa chini palepale akalia mbele ya wote, akajifunika uso kwa jezi.

Reine alinivuta mkono. “Babu, stop it. Ni rafiki yangu.” Rafiki hafungishi timu.

Damyanti alinipita mlangoni na Alka kwapani. Hakutukana. Alisema tu, “Mzee, na mimi sisahau mwaka.”

Alhamisi, 13 Februari

Barua chuoni. Mtu ameandika kwa ligi kwamba Reine umri wake si wa kweli, na babu yake mwenyewe alisema ukumbini. Reine asicheze mpaka wachunguze. Amerika nao wameambiwa. Wanataka jibu la ligi kabla ya Ijumaa ya tarehe 14 Machi, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

Nyoka wa Kisumu!

Sidonie amesimama mbele yangu jikoni. “Papa, ulisema?”

Nikasema nilisema. Mimi si mwizi wa maneno yangu.

Alichukua sahani akairudisha mezani polepole. Afadhali angeivunja.

Jumamosi, 1 Machi

Sidonie ana mpango. Ligi itaniita mimi. Nikiulizwa, niseme nimezeeka, nachanganya miaka, sijui kusoma vizuri. Nitie sahihi. Basi. Karatasi ya themanini na tano itabaki.

Mimi? Nachanganya? Mimi niliyejua kila daraja na kila shimo kutoka Kiliba hadi Uvira? Niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ni mzee mpumbavu? Mbele ya wazungu?

Nimekataa. Nimemwambia yeye ndiye aliyeandika uongo, akautetee yeye.

“Wakichimba wataenda mpaka kwenye karatasi za ukimbizi, Papa. Zetu sote. Na zako.”

Wachimbe. Nikalala mchana mzima.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Reine pia. Alikaa chini, kwenye kapeti, karibu na miguu yangu, mrefu hivyo. Wiki tatu hajagusa mpira. Kiswahili hajaniambia sentensi mbili mfululizo tangu 1999. Leo amesema chote.

“Babu, wewe ndiye uliyenipa jina. Sikuombi useme mimi ni nani. Nakuomba useme tu umesahau. Dakika moja. Halafu nitakuandikia kila wiki kutoka kule, nitakuambia kila mechi, kila kikapu.”

Kila kikapu.

Nimekubali. Nitasema nimesahau. Mara moja, na wasirudie swali.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa kwenye korido ya chuo. Wameweka kikao leo, siku ya mechi ya mwisho ya ligi! Watu hawana akili. Sidonie ameshaingia ofisini na mama wa chuo, mkubwa wao, na bwana wa ligi. Bwana ana treni ya saa kumi, jibu lazima aliandike kabla hajaondoka. Reine yuko kando yangu na sketi ya kanisa. Tunangoja niitwe. Nyuma yetu mlango wa uwanja una kioo.

Sikutaka kutazama.

Bila Reine timu imeoza. Nyuma pointi kumi na mbili. Nimecheka, mnaona sasa! Kocha kamwingiza kakuku. Nikasema, mazishi.

Kumbe! Alka kaiba mpira. Ndani. Kaiba tena. Ndani! Anapita chini ya mikono yao kama panya wa ghalani. Nyuma sita. Nyuma tatu. Nimegonga kioo kwa ngumi — “Kimbia, mama! Kimbia!” Damyanti yuko kule ng'ambo, amejifunika mdomo kwa sari.

Sidonie amefungua mlango wa ofisi. “Papa, njoo. Wanakuita.”

Nimesema sawa.

“Papa!”

Nimesema sawa!

Reine akasimama mbele ya kioo. “Babu, tafadhali. Sasa.” Alikuwa ananizibia. Nimemsogeza kwa mkono.

Faulo! Alka ana mitupo miwili na tuko nyuma kwa moja. Kocha wa wale ameomba taimu, mchezo usimame kidogo, amtie hofu, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika haya. Mama wa chuo ametoka, anatazama saa. Bwana wa ligi anavaa koti. Sidonie anamwomba kwa Kiingereza, ameshika mkono wa koti lile.

Reine amenyoosha mkono. Anatazama kalamu yangu.

Zimebaki sekunde arobaini. Nani duniani anaondoka kwenye sekunde arobaini? Filimbi. Wanarudi uwanjani. Mtoto anapewa mp—