Vidonge 184, Chafya Moja

Mpendwa mshauri, Jumapili iliyopita saa tano asubuhi nilipoteza nusu ya masharubu, na afadhali yangekuwa yangu, ni ya baba wa mchumba wangu, ndiyo maana naomba msaada.

Mimi ni kinyozi, nilianza na kiti kimoja cha plastiki, leo nina viti vinne na wateja thelathini kwa siku, yaani watu thelathini wananipumulia usoni, kwa hiyo nikajikinga kisomi, vitamini vidonge viwili kila asubuhi kwa siku tisini na mbili, jumla mia moja themanini na nne, na kwa muda huo nimepata mafua mara tatu tu, wakati miezi kama hiyo mwaka jana, bila kidonge hata kimoja, nilipata mara mbili, na muuzaji anasema bila vitamini zake ningepata mara sita, sijui hizo tatu za ziada kazihesabia wapi. Kwa kuwa nina kinga nikaacha barakoa, na ndoo ya kunawia nikaipeleka uani, ilinibana nafasi.

Mzee alipoketi akanitazama puani. "Mwanangu, hayo si mafua?"

"Mafua? Mimi nameza vitamini, baba. Vumbi la nywele tu hili."

"Basi nitafutie na mimi."

Chafya ikanijia mashine ikiwa juu ya mdomo wake. Nikasema umeme umeruka. Mshauri, mzee wa watu akanipa pole! Upande wa pili akakataa nisiuguse, atafikiria, arudi kwangu Ijumaa saa sita mchana. Leo Jumatano yuko kitandani, pua imeziba, anameza vitamini nilizompelekea na kunisifu kwa huruma. Mchumba wangu, niliyemsimulia nikidhani atacheka, amesema, "Mwambie baba ukweli, au harusi uisahau." Nikikiri mzee ananikataa, nisipokiri binti ananikataa. Au niongeze vidonge viwe vinne ili Ijumaa niwe mzima? Sema ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

MSHAURI ANAJIBU

Hapana. Vinne vitakuwahisha chooni, mafua hayatakuwa na habari. Kwa watu wengi vitamini hazizuii mafua. Anayezimeza kila siku huenda akapona mapema kidogo, basi. Wewe zimekupa kitu kimoja tu, ujasiri wa kumpigia mkweo chafya usoni. Hongera.

Pole pia, nakuelewa. Aliyejijenga mwenyewe huogopa kuugua hata siku moja, maana kiti kikikaa kitupu hana wa kumlalamikia. Lakini umeme, kaka? Umeme gani huo unaonyoa upande mmoja? Binti wa watu hana shida na masharubu. Anaogopa kuishi miaka arobaini na mume ambaye kila akikosea, umeme umeruka.

Rudisha ndoo, vaa barakoa, na kaa nyumbani mpaka pua ikauke. Mashine wakushikie wengine. Mzee usimsubiri Ijumaa. Nenda leo Alhamisi, simama mlangoni, usimsogelee, umwambie: nilikuwa naumwa, nilijua, nikakudanganya. Ukisikia "lakini" inakuja, funga mdomo. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, kesho urudi.

Simu ya meza yangu unayo. Nataka kusikia kabla ya saa kumi na mbili jioni: umemwambia, au hujamwambia?