Kiganja Mbele ya Taa

Jumapili, 8 Oktoba 1978

Nimefanya upuuzi leo, na hakuna wa kumwambia isipokuwa daftari hili.

Filme mpya ilifika juzi na lori la Kisangani. Ya Wahindi, ya rangi, bobini nne za mkanda. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Bobini ya kwanza, sawa: kijana anamuaga mama yake, anaenda kufanya kazi kwenye reli. Ya pili, sawa: anagombana na mkubwa wa majambazi. Nikafungua boksi lililoandikwa 3, nikapachika, nikawasha. Nusu saa haijaisha, kijana anapigwa risasi, anaanguka juu ya reli, anakufa. Nikajiuliza — mapema hivi? Mama yake analetewa shati lenye damu. Muziki unapanda. Ndipo nikaangalia namba iliyokwaruzwa kwenye chuma cha bobini yenyewe.

4.

Wale wa ukumbi uliotangulia walirudisha bobini kwenye maboksi yasiyo yake. Na mimi sikukagua. Kukagua ndiyo kazi yangu!

Julai, filme ilipoungua, Patroni, mwenye ukumbi, alinionya: kosa moja tena, Citoyen — mwananchi, kama serikali inavyotaka tuitane — na unarudi kwenu Kpandroma kulima viazi. Kwa hiyo nilipojua neno FIN, la mwisho wa filme, linakuja, niliweka kiganja mbele ya taa. Giza. Watu wakadhani ni kubadilisha bobini kama kawaida. Nikapachika ile ya tatu, na kijana akaingia mlangoni kwa mama yake, mzima, anacheka. Mama analia kwa furaha. Anamshonea shati, anamwoza, anampikia. Mwishowe kijana anapanda treni kurudi kazini, anaimba mlangoni mwa behewa. Picha ikakatika hapo. Nikawasha taa za ukumbi.

Walisimama wakapiga makofi. Mwaka mzima sijawahi kusikia makofi ndani ya ukumbi ule.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimeenda kunywa chai kwa Claudine, ng'ambo ya ukumbi, nikakuta bunge zima limekaa. Floribert fundi wa baiskeli, Edouard fundi wa nguo, na Honoré mwalimu. Hawa watatu hawakosi filme hata moja, na hawajawahi kukubaliana juu ya filme hata moja.

Kwetu hapa kijana mkuu wa filme anaitwa akteri. Wengine wote ni watu tu. Na sheria ni moja: akteri hafi. Sasa huyu amekufa, tena mbele ya macho yetu, halafu amekula ugali wa mama yake. Au kile wanachokula Wahindi.

Floribert anasema hakuna shida yoyote. "Akteri hawezi kufa. Kama alikufa, basi ile haikukuwa kufa."

Edouard anasema ni mapasa, mama alizaa wawili akamficha mmoja. Honoré akacheka kwa pua, kama anavyowachekea wanafunzi. "Ile ni ndoto ya mama. Siye batu ya masomo tunaona vile mara moja." Anadai angetuonyesha ushahidi kwenye maandishi ya Kifaransa, ila kitambaa chetu cha picha ni kifupi, na maandishi yote ya chini yanaangukia ukutani kwenye rangi nyeusi. Hilo ni kweli. Nashukuru Mungu kwa rangi ile nyeusi.

Claudine akauliza huku anamimina chai: "Kama ni ndoto, ile chakula ilikuwa ya nani? Si mama alipika kabisa?"

Halafu wote wakanigeukia. "Weye unaonaka filme mara mingi kupita siye. Sema."

Nikasema kila mtu ana macho yake. Chai iliniunguza ulimi.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua. Filme ilikuwa iondoke leo kwenda Mahagi na lori lilelile linalotuletea nyingine. Lori limezama matope Marabo, kilomita arobaini tu kutoka hapa Bunia! Njia imekatika. Hakitoki kitu, hakiingii kitu.

Patroni anafurahi. Kila siku saa tisa tutaonyesha hiyohiyo, watu wanaitaka. Amenipiga bega. Kumbe nina wiki nzima ya kuweka kiganja mbele ya taa, maana sasa siwezi kuirekebisha. Nikiionyesha sawasawa, Bunia nzima itajua nilichofanya Jumapili.

Jumatano, 11 Oktoba

Asubuhi nilipotoka kuteka maji, Mama Elisabeth alikuwa amesimama kwenye uzio. Ni jirani yangu hapa mtaa wa Bigo, ukuta kwa ukuta. Ananiita bado kwa jina la ubatizo, ambalo serikali imelikataza hadharani, kwa sauti ya chini, kama anapitisha magendo.

Ni mama yake Vital. Vital ndiye aliyenifundisha kazi. Mashine ile ilikuwa yake, kiti ninachokalia ni chake, amechonga V kwenye mguu mmoja. Alipoingia jeshini nilimwambia: nenda, nitakutunzia nafasi. Wakampeleka vitani Shaba. Tangu Mei hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona, hakuna jina kwenye karatasi yoyote. Shemeji yake Mama Elisabeth, Léon, amekuja kutoka ziwani wiki tatu sasa. Anataka familia ikae matanga, misa isomwe, mambo yaishe. Mama anakataa, lakini alikuwa ameanza kuchoka. Mimi nilimwona anachoka.

Sasa hachoki. Alikwenda kwenye filme Jumapili, Claudine alimvuta ili akili ipumzike kidogo.

"Niliona mama ile anashika shati ya damu," aliniambia. "Nikasema, kwisha, ni miye hii. Kisha mulango ikafunguka." Akanishika mkono. "Dominique, mulango ikafunguka!"

Jana jioni amemwambia Léon kwamba hakuna matanga. Léon amemuuliza amepata habari gani. Amesema: habari nimepata.

Nilichukua ndoo yangu nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua. Kiganja, mara ya tano.

Wamejua wimbo wa treni. Hakuna anayejua maneno, wanaimba tu sauti. Hata masista wawili niliwaona mlango wa nyuma.

Jumapili, 15 Oktoba

Mama Elisabeth amekuja kila siku tangu Jumatano. Benchi la tatu, upande wa kulia. Kwenye bobini ya kifo anainama. Nikipachika nyingine, naona kichwa chake kinanyanyuka kabla hata picha haijatokea.

Natamani mashine iharibike. Nimeikagua yote leo, mkanda, taa, lenzi. Iko nzima kuliko mimi.

Jumanne, 17 Oktoba

Léon alinisubiri barabarani. Si mtu mbaya. Anaongea taratibu, anavua kofia. Aliniambia mkewe yuko peke yake ziwani na nyavu zinaoza, lakini hawezi kumwacha shemeji katika hali hii. Mama anaweka sahani ya Vital mezani sasa. Tangu wiki jana, kila mlo, sahani na kijiko.

"Banasema ni juu ya filme yako," alisema. "Ni filme gani hii inaweka mufu kwa meza?"

Nikasema ni ya Wahindi tu, Papa Léon.

Ningeweza kumwambia palepale. Neno moja, na yeye angelipeleka nyumbani badala yangu. Mdomo haukufunguka. Si kwa ajili ya viazi vya Kpandroma, nadhani. Kama Vital amekufa, basi kiti kile si cha kumtunzia mtu tena. Ni changu. Sikitaki hivyo.

Alhamisi, 19 Oktoba

Bunge kwa Claudine limegawanyika vibaya. Edouard na Honoré hawasalimiani, mapasa dhidi ya ndoto. Edouard amesema mwalimu anaota kwa sababu nyumbani kwake hakuna wa kumwamsha. Honoré amechukua suruali yake kwa Edouard ikiwa nusu imeshonwa.

Nilijaribu. Nikasema, kama mzaha: na kama akteri alikufa tu? Kama mwisho wake ni pale?

Floribert akaniangalia kama nimetukana mama wa mtu. "Pale tunavunja viti," alisema. Hakuwa anacheka.

Ijumaa, 20 Oktoba

Lazima niandike hili vizuri.

Baada ya filme Mama Elisabeth alipanda ngazi za kabini, chumba cha mashine. Hajawahi. Alitazama mashine, akatazama kiti, akapitisha kidole kwenye ile V. Halafu akasema anataka kuniuliza kitu cha shati.

"Kwa reli, kiraka iko kwa bega. Kitambaa nyekundu. Sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nyumba, mama yake anashona kiraka ile. Nyekundu ile ile, bega ile ile." Alisubiri. "Sasa ilifikaka kwa reli namna gani mbele ya kushonwa?"

Edouard ana cherehani mbili na ameona filme hii mara saba!

"Nashonaka nguo ya Vital tangu iko mutoto," alisema. "Kiraka ninajua. Kuko mutu alikosea."

Nikasema ni mimi. Nikasema yote, maboksi, namba, kiganja. Nilidhani atanipiga, nilitaka anipige. Aliketi kwenye kiti cha Vital, akanyoosha kikwembe, kitenge chake, juu ya magoti.

"Nilijua tangu Jumapili hii ilipita, siku ya Mungu. Nikarudia, juu nilitaka mulango ifunguke tena."

Nikamwambia filme ni filme. Vital si yule kijana. Kufa kwa yule si kufa kwake, kurudi kwa yule si kurudi kwake. Maneno mengi, yote ya kweli, halikusaidia hata moja.

"Najua, mutoto yangu. Ni miye nilifanya filme kuwa barua. Weye hukuandika." Kisha: "Lakini barua, mutu anaisoma mupaka mwisho."

Lori limetoka Marabo. Filme inaondoka Jumatatu. Jumapili ni mara ya mwisho, na Mama anataka niiweke ilivyo. Léon atakaa pembeni yake. Ikiisha, Mama atampa jibu lake la matanga.

Nikasema sitaweza. Alishuka ngazi polepole, ameshika ukuta.

Jumamosi, 21 Oktoba

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, tumechimba mfereji mbele ya ukumbi. Koleo, matope, na wao watatu mbele yangu wanaimba wimbo wa treni. Honoré na Edouard wamepatana, wana mpango wa kuja kesho wote na wake zao kuiaga filme.

Mchana nimeziweka bobini mbili mezani na kuzitazama. Chuma kilekile, uzito uleule. Nikiweka ya nne kwanza, Mama atajua nimemhurumia, na hataniomba tena. Nikiweka ya tatu kwanza, mimi ndiye ninayemzika Vital. Mimi niliyesema nitamtunzia nafasi.

Jumapili, 22 Oktoba

Niko kabini. Naandika huku mashine inazunguka, nimefunga mlango kwa komeo.

Nimeweka ya tatu.

Akteri alipoingia mlangoni bila kufa kwanza, ukumbi ulichanganyikiwa. Halafu miluzi. Halafu Floribert amesimama juu ya benchi: "Operateri, umekosea bobini!" Wote wakadakia. Umekosea bobini, umekosea bobini! Wiki mbili nimekosea na wakapiga makofi. Leo tu nimepatia.

Patroni amekuja kupiga mlango. Citoyen, umelewa? Citoyen, rudisha! Sijafungua. Wimbo wa treni ulipofika hakuna aliyeimba.

Sasa ni ya nne, inakaribia mwisho. Akteri ameanguka. Kiraka chekundu kipo begani, kila mtu anaweza kukiona. Ukumbi umenyamaza taratibu, benchi kwa benchi. Nadhani wameanza kuelewa. Honoré amevua miwani. Hata Patroni hapigi tena, nasikia pumzi yake nyuma ya mlango.

Mama wa kwenye filme amepewa shati. Benchi la tatu, upande wa kulia: Mama Elisabeth hakuinama leo. Ameketi wima. Léon ameshika kofia kwa mikono miwili.

Muziki unapanda. Imebaki dakika moja kufika FIN, labda chini yake.

Amesimama. Katikati ya watu wote, mwanga wa picha mgongoni kwake. Amegeuka, anatazama huku juu kwenye tundu la kabini. Hawezi kuniona, kuna taa tu. Anakifungua kikwembe cha juu na kukifunga kiunoni, kwa nguvu, kama wanawake wanavyojifunga wanapoingia kwenye nyumba ya kilio.

Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umeinuka wenyewe, kwa mazoea, uko karibu na lenzi, nahisi joto kwenye kiganja, na Mama bado anatazama