Kwa Baba Yetu Nabhan, Aliyelala Chini ya Maua

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipobebwa kutoka nyumba hii ya Ibra, viatu vyako vikabaki mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuviondoa. Mama huvipangusa vumbi kila asubuhi, kisha huvirudisha pale pale, vimeelekea nje.

Ulikuwa mpimaji wa ardhi. Kutoka Sur mpaka Manah kuna mashamba ya mitende ambayo mipaka yake uliitia wewe, na mawe uliyoyachimbia pembeni yapo mpaka leo. Ndugu wawili wa Manah walipogombana hata wakawa hawasemezani, ulikataa kufungua vifaa vyako mpaka wakae sinia moja wale. "Sipimi ardhi ya watu wenye njaa," ukawaambia, na hali mwenye njaa ulikuwa wewe.

Ulikuwa mkaidi pia, tusije tukakusifu mpaka usijitambue. Chumvi ikipungua kwenye pilau ulinuna hadi magharibi. Mama peke yake ndiye aliyekuweza. Yeye, kama wanawake wa zamani wa kwetu Unguja, hakupata hata siku moja kukutaja jina. "Baba Saud, chakula." "Baba Saud, dawa." Tulikua tukidhani ndilo jina lako.

Na kila mwaka, baridi ikianza kuondoka, ulitupakia garini kwenda Al Kamil, kwenye msitu wa migunga, kutazama maua yaliyoota baada ya mvua. Wenzetu walikwenda na majiko ya kuchomea nyama. Sisi tulikwenda na chupa ya chai na mkate wa kumimina wa Mama, na marufuku ya kuchuma hata jani. Ulitangulia na bakora, ukigonga chini kabla ya kutia mguu, nasi nyuma yako mstari mmoja, kila mtu akikanyaga ulipokanyaga wewe, ili tusiyaumize mengine.

"Azza! Mguu!" ulipiga kelele bila ya kugeuka, na bintiyo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Mpaka leo hajui ulimwonaje.

Majina ya maua yale kwa Kiarabu hukuyajua, na hukutaka kumuuliza mtu. Ya njano ukayaita bizari. Yale madogo meupe ukayaita asumini ya maskini, nasi hatuyajui kwa jina jingine.

Mwaka jana mvua haikuja. Mapafu yako yalikuwa yamechoka, daktari kule Nizwa amekukataza kutoka, na mwanao Saud akauficha ufunguo wa gari. Ukakaa mlangoni na viatu miguuni, mpaka akautoa mwenyewe. Msituni hapakuwa na kitu ila miba na vumbi. Wasan, binti wa Saud, ambaye Kiswahili chake nusu kimemezwa na Kiarabu cha skuli, akakuvuta mkono.

"Babu, maua wapi? Yote imekufa, khalas."

"Haijafa, mke wangu," ukamjibu kwa utani wenu. "Iko chini. Inangoja mvua."

Ukatupanga mstari hivyo hivyo, ukihema, na hapakuwa na hata ua moja la kuepuka. Siku chache baadaye ukatutoka. Azza anaamini ni vumbi lile lililokumaliza. Huenda.

Ulikwisha kuusia: "Msiniandikie jina. Nizikeni wanavyozikwa watu wa hapa." Azza alilia tukuandikie, kama alivyoyaona makaburi ya wazee wetu Unguja. Saud akashikilia neno lako. Basi wewe uliyewawekea watu mawe nchi nzima, ukapata mawe mawili tu ya kuokota kwenye wadi, bonde la mto mkavu, moja kichwani na moja miguuni, sawa na jirani zako wote.

Mama alikuwa ndani ya eda. Alipotoka, Saud alimpeleka mpaka ukuta wa makaburi, akamwonyesha kwa kidole: "Yupo pale, Mama, chini ya mgunga ule mdogo." Wanawake hapa si kawaida yao kuingia, naye hakuingia. Lakini kila Ijumaa alisimama nje ya ukuta, akautazama mgunga, akakupa habari za nyumbani. Bomba la jikoni limevuja tena. Manar, binti wa Azza, ameota jino. Alirudi nyumbani akala. Siku nyingine hakula vizuri, tukikwambia kweli.

Msimu huu mvua ikaja, tena ya hasira. Wadi ikafurika, maji yakavunja ukuta, yakang'oa mgunga, yakayasomba mawe. Mama alikuwa kitandani na homa. Saud akaenda peke yake, akaona, akarudi, akanyamaza. Kila alipoulizwa na Mama, "Baba yako hajambo huko?" alijibu, "Alhamdulillahi," akatoka nje.

Homa ikamwacha Mama, na habari zikaja kuwa Al Kamil kumechanua kuliko miaka yote. Tukapakia chai, tukapakia mkate. Mama akaja na bakora yako mkononi.

"Kwanza nipitisheni kwa baba yenu," akasema. Saud akaegemea usukani, asiwashe gari. Ikabidi Azza aendeshe.

Ukuta umelala chini, Baba. Makaburi yote yamefunikwa maua, bizari na asumini ya maskini, huku na huku, kama mtu kayapanda. Mgunga haupo. Hapana jiwe lililobaki mahali pake.

"Yupi?" akauliza Mama.

Saud akazungusha macho juu ya maua.

"Saud, mwanangu, nakuuliza. Baba yako yupi?"

"Wallahi sijui, Mama." Akaanza kulia, mwanamume mzima mwenye mvi.

"Nilisema mie!" Azza akapasuka. "Nilisema tumwandike!"

"Nyamaza, Azza. Ndivyo alivyotaka." Mama akakaa juu ya tofali za ukuta. "Basi leo ndo nimefiwa," akasema. Tulimwacha akalia. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya maziko.

Kisha akavua viatu, akaingia. Wasan akamshika baibui. "Bibi, tutakanyaga maua. Na watu."

"Shika nyayo zangu," Mama akamwambia. "Na nyie wote. Asitoke mtu mstarini." Akagonga chini na bakora yako, akatia mguu. Tukamfuata nyuma, mmoja mmoja, Saud wa mwisho.

Kila penye ardhi iliyoinuka kidogo alisimama. Pa kwanza alifungua kinywa, akasita. "Hawa kina Baba Saud wamo wengi humu," akasema, kama anayekuomba radhi. Ndipo tulipomsikia, kwa mara ya kwanza katika umri wetu: "Asalaam alaykum, Nabhan. Na kama siye wewe, aliyelala hapa anisamehe." Akaenda pengine, akasema vile vile. Akaimaliza safu, akaanza nyingine, sauti ikimkauka, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Al Kamil hatukufika. Chai ilipoa ndani ya gari. Ijumaa iliyofuata alirudi, na inayofuata atarudi. Kwa hivyo ukisikia jina lako linaitwa mbali kidogo na hapo ulipo, usinune, Baba. Ni Mama, anakutafuta.

Unakumbukwa na mkeo Mabruka, wanao Saud na Azza, wakwe zako, wajukuu wako Wasan na Manar, pamoja na jamaa wote wa Ibra, Sur, Nizwa na Unguja. Mola akurehemu, alipanue kaburi lako, analolijua Yeye.

Hatutakusahau, Baba, popote ulipo humo.