Sumaku ya Osmund na Kaseti ya Mama

Matogoro, Songea
3 Septemba 1995

Mpendwa Dada Kasiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe na shemeji na watoto, hasa huyo mchanga, na kwamba goti lako limetulia sasa baridi ya Mbeya inapopungua. Huku kwetu tunaendelea vizuri. Jovina anakusalimu sana na anasema wifi yake asimsahau kwa vitenge. Mahindi yameshapanda darini, na yule kuku wako wa madoadoa ametotoa tena.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Uliniambia nimkomeshe Osmund mpaka akose pa kusimama, kwa kuwa alikunyima sauti ya Mama, na kwamba kila ukipiga magoti unamtaja kwa ubaya. Dada, nimemkomesha. Nitakueleza yote kwa mpangilio, na nakuomba usiruke mistari, hata pale utakapokuwa unafurahi.

Wewe ulikuwa umeshaolewa huko alipofika. Alishuka na mzigo kutoka Dar es Salaam, maana siku hizi kila kitu ruksa: redio kaseti, betri, na vidude vyeusi vya ukubwa wa biskuti alivyoviita sumaku za sauti. Akaweka meza stendi, ikitazamana na kibanda changu. Aliwaeleza watu kwamba sauti hupita ndani ya waya kama maji ya mfereji, na njiani huokota tope; sumaku ukiibandika nyuma ya redio inavuta tope lote. Nilipomuuliza ni nani amewahi kuliona hilo tope, akanijibu mbele ya wateja wangu kwamba tope la sauti halionwi kwa macho, linajulikana na sikio la mtaalamu. Kisha akaongeza kwamba lehemu yangu ndiyo inayoleta tope lenyewe.

Nimezifungua redio za mji huu miaka kumi na minne. Lakini nani alinisikiliza? Hata Mzee Beda, mwalimu wa kwaya, mtu mzima mwenye busara zake, alibandika tatu kwenye redio moja na kuapa kwamba sasa anasikia mpaka pumzi za waimbaji. Mtu akishanunua kitu, masikio hufunguka yenyewe.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaa rohoni ni la Mama. Alipolala kitandani mwezi wa pili, Osmund alikuja kumpa pole na akambandikia sumaku moja bure kwenye redio yake. Nilipofika jioni Mama akanieleza, uso unang'aa, kwamba kwa mara ya kwanza anaisikia misa kama padri amekaa pembeni ya kitanda, na kwamba mimi mwanawe na bisibisi zangu zote sikuwahi kumfanyia hivyo. Dada, spika mpya ya redio ile niliifunga mimi Jumamosi. Sumaku ilibandikwa Jumatatu. Sifa zote zikaenda kwa Jumatatu. Nilicheka kwa meno tu, na tangu siku ile nilitaka kumwona Osmund anaaibika.

Wiki hiyo hiyo ndipo Mama aliponiita nimrekodi. Alijua wewe umejifungua juzi na huwezi kusafiri, na alijua hatakuona tena. Aliongea nawe upande mzima wa kaseti. Alipomaliza, akaibandua ile sumaku kwenye redio na kuibandika kwenye kasha la kaseti, akisema itamtunzia sauti mpaka ikufikie. Niliipeleka kibandani isubiri mtu wa safari ya Mbeya. Kabla hajapatikana, Mama akatutoka. Siku ya kumaliza msiba tukaiweka kaseti mbele ya wazee wote wa ukoo. Ikatoa mvumo mtupu. Upande mzima, shiii, kama mvua ya mbali kwenye bati.

Nilisimama pale pale nikasema ni sumaku ya Osmund. Kila fundi anajua kwamba sumaku hufuta kaseti. Hakuna aliyeniomba ushahidi, na wewe nilikuandikia hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Barua yako ilipokuja nikatafuta namna ya kummaliza mchana kweupe. Nilimwomba Mzee Beda tukutane ukumbi wa parokia baada ya misa, Osmund na sumaku zake, mimi na redio moja. Tukatundika shuka. Mzee Beda akakaa nyuma yake, akapiga wimbo ule ule mara kumi. Kila mara alirusha sarafu, ikianguka kichwa anabandika sumaku, ikianguka mwenge anabandua, naye anaandika. Osmund alikaa mbele ya shuka na sahani mbili: akisikia sumaku aweke harage, asiposikia aweke punje ya hindi. Mwenyewe alikuwa amejigamba kwamba anaitambua hata akiwa amesinzia.

Mara ya kwanza aliweka harage haraka. Mara ya tano jasho lilikuwa limefika shingoni. Mara ya nane aliomba wimbo urudiwe, nami nikasema kwa upole kabisa urudiwe, maana nilitaka achukue muda wake. Alipata nne kati ya kumi, Dada. Hata mbuzi angeweza kupata tano. Mzee Beda alitoka nyuma ya shuka akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya zile tatu zake. Ukumbi ulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia madirishani, na nakiri nilisikia utamu ambao sijausikia tangu nizaliwe.

Ningeishia hapo ningekuwa mshindi. Lakini niliinua kaseti ya Mama juu nikawatangazia kwamba kidude hiki kisichosafisha kitu ndicho kilichofuta maneno ya mwisho ya marehemu. Kicheko kikakatika. Osmund akauliza kwamba kama sumaku yake haina nguvu ya kufanya chochote, imepata wapi nguvu ya kufuta? Lilikuwa swali la haki. Nilimfokea anyamaze asimtanie marehemu, na watu wakafoka pamoja nami. Kesho yake meza yake ilikutwa imepinduliwa. Watoto wakampachika jina la Mfuta Wafu. Leticia, mkewe, akawa akienda kisimani wenzake wanajitwika ndoo na kuondoka. Wiki ya pili walipakia vitu wakahamia Mpitimbi kwa wazazi wake. Nilisimama mlangoni mwa kibanda nikiwatazama wanavyofunga godoro, na sikuwaonea huruma.

Sasa ndugu yangu, hapa ndipo ninapokuomba ukae chini.

Wiki iliyopita Jovina alimwaga pini zake za kushonea sakafuni. Akaichukua ile sumaku ya Mama, iliyokuwa bado kwenye kasha, azizoe. Hakuna pini hata moja iliyoinuka. Akanicheka akisema hii sumaku imezeeka. Niliichukua nikaigusisha kwenye msumari, kwenye bisibisi, kwenye kifuniko cha soda. Hakuna. Nikaipasua kwa nyundo. Ndani ilikuwa lami iliyokaushwa, Dada. Lami ya barabarani, imepakwa rangi nyeusi. Osmund ni tapeli kuliko hata nilivyosema, na ningemvua nguo zote siku ile kama ningewahi kuigusisha kwenye pini moja tu.

Lakini lami haifuti kaseti.

Nilikaa kwenye kigoda nikatazama benchi langu. Mwezi wa pili nilikuwa nimefungua ile spika kubwa ya kanisa, na sumaku yake, nzito kama jiwe la kusagia, ilikuwa wazi kwenye rafu ya juu, mahali ambapo panya hawafiki. Pale ndipo nilipoilaza kaseti ya Mama, juu yake, kwa mikono yangu, wiki mbili. Sikutaka kuamini. Nikachukua kaseti yangu ya zamani ya kwaya, nikaisikiliza yote, ilikuwa safi. Nikailaza pale pale tangu asubuhi. Jioni nilipoipiga waimbaji walikuwa kama wamefungiwa ndani ya pipa. Nikairudisha siku tatu. Ikatoa shiii.

Ni mimi niliyemfuta Mama. Fundi wa miaka kumi na minne, ninayewacheka watu kwa kuamini bila kupima. Nilimpima Osmund mara kumi, na mimi mwenyewe sikujipima hata mara moja, kwa sababu nilitaka awe yeye.

Jumapili ijayo nitasimama ukumbi ule ule niyaseme haya, pamoja na lami mkononi. Sisemi kwamba nimempenda Osmund. Bado namchukia. Lakini la Mama si lake, na wewe uache kumtaja ukiwa umepiga magoti.

Najua utauliza Mama alisema nini, maana nilikuwepo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Nilikuwa naangalia mshale wa sauti usipite kwenye wekundu. Nilitaka irekodiwe safi, Mama akubali kwamba mwanawe anajua kazi kuliko yule wa sumaku. Nilisikiliza sauti, sikusikiliza maneno. Nakumbuka tu kwamba alitaja jina lako mara tatu, na mara ya tatu alicheka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Kwenye misa ya mwaka wa Mama uje na hasira yako yote. Kisasi ulinituma nikipeleke kwa Osmund. Nyumba ya kukipokea ni hii yangu, na mlango utaukuta wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Urbani