Baba, Ulisema Unaona

Baba yangu,

Shikamoo. Mpunga umeanza kuvunwa tena. Leo mchana nimepita Viwanja Sitini, mtaa mzima unanukia mchele mpya, nikasimama mbele ya nyumba yetu kwa muda. Nimekukumbuka mno.

Unakumbuka ofisini kwetu tulipokuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha siku zao za kliniki? Wenzangu walitaka tuijaribu kwa wanafunzi wa chuo, kwa kuwa wako karibu na wanaelewa upesi. Nikawaambia wagonjwa wenyewe ni watu kama baba yangu. Ndipo nikaja nao barazani kwako.

Ulikuwa umevaa shati lako la kazi ya reli, la enzi ulipokuwa stesheni ya Mlimba, umelipiga pasi mwenyewe. Kando yako alikaa Bibi Sesilia wa Idete, mwenzako wa kliniki. Tukawapa simu. Kila nilichokuuliza ulijibu kwamba ni kizuri, kinaonekana, hongereni sana. Wenzangu walishaanza kufurahi. Bibi Sesilia akaiweka simu yake mkekani.

“Mjukuu wangu, mimi hapa sioni kitu,” alisema. “Na huyu naye haoni. Anakuonea huruma tu.”

Ulicheka, Baba, mpaka ukavua miwani. Kisha ukaniambia taratibu, “Nilidhani nikisema sioni, hawa wenzako watakufukuza kazi.”

Baada ya hapo mlitusema kwelikweli. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha. Neno “wasilisha” kwenye kitufe mlilikataa. Mlisema mtu akiwa na ujumbe wake anatuma, hawasilishi. Na ile sauti ya kusoma ujumbe ilikuwa inakimbia, tena inamwambia mzee anywe dawa bila hata kumwamkia. Tulirudi kwako msimu mzima, mpaka wenzangu wakawa ndio wanaonikumbusha safari. Kuna jioni ulibishana na Bibi Sesilia juu ya rangi ya kitufe hadi wali ukapoa. Sikuwa nimekusikia ukibisha hivyo tangu Mama alipofariki. Nilikusikiliza tu.

Programu ilipoanza kutumika ulinipigia kuniambia kwamba umekwenda kliniki bila kumwomba mtu akusomee ujumbe. Masika yaliyofuata ukatutoka.

Bibi Sesilia yupo, na bado anatusema. Tukifika Idete na kitu kipya, anawaita wazee wenzake, nao wanakaa nasi wakitukosoa wanavyotaka. Kila mara namtafuta mtu mmoja kati yao, na mtu huyo ni wewe.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao, nimeishika simu mbali kidogo na uso, naigeuza kuelekea dirishani. Kijana mmoja wa kazini akaniuliza kwa upole, “Dada, tuyakuze maandishi?”

Nilitaka kumjibu kwamba naona vizuri. Neno lilishafika mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia, “Yakuze, mdogo wangu. Sioni.”

Akayakuza, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyenitazama vibaya. Laiti ungekuwepo, ningekupigia jioni ile kukusimulia.

Pumzika, Baba. Jumapili nitakuja kufyeka nyasi kaburini.

Ni mimi,
Kitindamimba wako