Sauti ya Mama kwenye Katuni ya Fisi Maji

Mtaa wa Rumania 118,
Portales,
Jiji la Meksiko.

3 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Nicandro,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Hujambo huko Yakima? Mgongo umeachia? Rosalba ameniambia mnapanga matufaha kwenye makasha tangu alfajiri mpaka vidole vinakufa ganzi. Vaa glavu, usijifanye kijana. Umeshapita arobaini na tano, ingawa kwangu mimi bado ni yule yule wa kufutwa kamasi.

Sisi tunashukuru Mungu. Mimi goti tu, na goti halijamuua mtu. Baba sukari yake imetulia. Macho ndiyo basi tena. Tangu Pasaka hata mwanga wa dirishani hauoni. Lakini masikio, weee! Paka akipita juu ya bati baba anakwambia ni wa nyumba gani.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nyumba hii huwezi kunong'ona kwenye simu baba asikusikie, na jambo lenyewe si la kuandikwa kwa kidole gumba kwenye kioo. Rosalba wa jirani yetu Chayo anapanda ndege Jumatano kurudi huko Marekani. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Keti kwanza, ndipo usome.

Bila shaka umesikia habari za La Salita. Hapa mtaani hatuna mazungumzo mengine. Ni huduma mpya ya kutazama filamu kwa mtandao, ya familia nzima, haina matusi wala watu kuvuana nguo. Wanasema bibi ataweza kukaa na wajukuu bila kuruka kutafuta rimoti. Itafunguliwa Jumapili tarehe 17, saa nne asubuhi. Chayo ameshanunua televisheni kubwa kama mlango wa kanisa, na sofa lake bado limeegemea tofali.

Mwezi wa tisa walitoa orodha ya vyote watakavyoonyesha. Ni mamia. Itzel, yule binti wa Maribel wangu, ana miaka tisa na anapenda kusoma kwa sauti, akamsomea babu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani kwa nguvu.

"Rudia hapo," baba akasema.

"Katuni ya fisi maji, vipindi vyote hamsini na viwili."

"Vyote?"

"Babu, wameandika vyote. Mimi si muongo."

Tangu siku hiyo kila baada ya chai ya asubuhi ni mstari huo huo. Itzel akaanza kudai peremende kwa kila kusoma, na baba alimpa.

Wewe unajua kwa nini, lakini nitaandika tu, maana kuandika kunanipunguzia. Ile katuni ilitoka ng'ambo ikiwa na lugha yake, na mama ndiye aliyempa sauti ya Kihispania yule mtoto wa fisi maji, Remolín. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, ana mtoto mgongoni na mwingine shuleni, anasimama mbele ya kipaza sauti na kuwa mvulana wa miaka sita. Baba upande wa pili wa kioo akishughulika na mitambo, akimwonyesha kidole: sasa. Mama alikuwa anavua bangili na viatu visije vikasikika, na kabla ya kuanza anakula tufaha bichi la kijani ili mdomo usifanye ute. Sokoni yule muuza kuku alikuwa hamuachii mpaka aseme kama Remolín, "Maji hayana mlango!" Halafu anamwongeza miguu miwili ya kuku.

Sasa fikiri, Nicandro. Picha za mama tunazo sanduku zima. Sauti yake hatuna. Miaka minane yuko kaburini na hatuna hata "njooni mle" moja. Nje ya kazi alikuwa hataki kurekodiwa, anasema sauti yake ni mkate wake, haigawi bure. Na baba picha hazimfai kitu tena. Wenzake mtaani wote wanangoja kutazama. Yeye anangoja kusikia.

Basi, katikati ya mwezi uliopita, Don Abundio alinipigia. Yule mzee aliyekuwa akitoa sauti ya baba yake Remolín, mwenye sauti ya pipa. Akaniuliza kwanza kama baba yuko karibu. Nikatoka mpaka dukani. Akaniambia, "Mwanangu Lala, usimwache mzee ajenge matumaini. Wamerekodi upya yote. Vijana wapya. Kanda za zamani zenye sauti zetu hazikupatikana."

Nikarudi nyumbani na mkate mkononi, nikamkuta baba anamwambia Itzel asikosee tarehe. Sikusema. Siku kumi na nne nilimtazama akihesabu, na nilikaa kimya kama mwizi. Najua ungesema ilinipasa kumwambia. Ungekuwa hapa ungemwambia wewe.

Ijumaa, siku ya watakatifu wote, tulikuwa tunapanga madhabahu ya kumkaribisha marehemu mama. Maua ya manjano, mkate wa wafu, chumvi, picha ile ya Veracruz, na tufaha bichi la kijani, hilo baba hulichagua mwenyewe kwa kulipapasa. Itzel kakaa sakafuni na simu ya mama yake. Mara nikasikia wimbo wa fisi maji. La Salita wameanza kutoa vionjo. Kabla sijamfikia, sauti ya kijana fulani ikapiga kelele, "Maji hayana mlango!"

Sauti nzuri, sisemi uongo. Safi. Sasa baba alikuwa ameshika lile tufaha. Akaliweka penye picha, akapangusa mikono, akasema, "Huyo siye."

Jana mchana, baada ya kurudi makaburini, akaniita nikae naye mbele ya madhabahu. Nikadhani anataka kunigombeza kwa kumficha. Nikaanza kujitetea, akaninyamazisha kwa mkono.

"Lala, hazikupotea. Nilizifuta mimi."

Nikamuuliza anasema nini.

Akasema, mwaka themanini na tatu, baada ya peso kuanguka, kanda mpya zilikuwa hazishikiki kwa bei. Wenye studio wakatoa amri: kazi zilizokwisha kuonyeshwa zisafishwe, kanda zitumike tena. Ilikuwa desturi, kila fundi alifanya. Walipofikia fisi maji zamu ilikuwa yake. Hamsini na mbili. Alizipitisha kwenye mashine moja moja, wiki mbili, na mama yuko chumba cha pili anarekodi tangazo la sabuni.

"Nilimwambia," baba akasema. "Sikumficha. Nikamwambia, Hortensia, leo nakufuta wewe. Unajua alinijibu nini? Alicheka. Akasema, 'Futa tu, Epigmenio, mwenyewe si nipo?'"

Nicandro, nimemwona baba akizika mke na akizika macho yake, sijamwona akilia hivi. Kumbe miezi yote ile hakuwa anangoja katuni. Alikuwa anaomba kwamba kituo cha televisheni bado kina nakala zake mahali, na kwamba hakumfuta mama kabisa. Alikuwa anangoja kusamehewa, basi. Na kijana wa watu kwenye kionjo akamjibu kwamba hapana.

Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba alifanya kazi yake. Maneno yakampita tu. Ndipo nikamwambia langu, ambalo hata wewe hulijui.

Unakumbuka mwaka themanini na sita, wakati kituo kilipokuwa kikirudia fisi maji Jumamosi asubuhi kwa nakala chakavu kilizobaki nazo? Mama alirekodi kanda mbili kwenye deki ile ya kwanza. Moja alinipa nilipoolewa. Maribel alipotimiza miaka kumi na mitano, siku ya sherehe, mpiga video akaishiwa kanda. Mume wangu akafungua kabati, akauliza, hii ina nini? Nikasema, katuni tu, weka. Ndivyo nilivyosema. Katuni tu. Sasa hapo aliposema mama kuna Maribel anacheza dansi la valsi na binamu aliyelewa.

Baba akanitafuta goti kwa mkono, akalipiga piga. "Basi mwanangu kazi umerithi." Tukacheka, machozi yanatutoka, Itzel akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Akaniuliza kanda ya pili iko wapi. Nikasema sijui, Baba. Mungu anisamehe, nilidanganya mbele ya madhabahu. Najua vizuri. Asubuhi ile ulipoondoka, miaka kumi na tisa sasa, nilikuwa mlangoni nikamwona mama akiichomeka kwenye begi lako kati ya mashati, ameizungushia taulo. Sikuwahi kukuambia niliona. Nilikuonea kijicho, ndugu yangu. Yangu nilikuwa bado ninayo kabatini, wala nilikuwa siitazami, lakini nilikuonea kijicho.

Na nina jingine la kuungama. Tulipomzika mama na wewe hukuja, tuligawana vitu vyake. Shangazi Cuca akauliza, Nicandro awekewe nini? Mimi ndiye niliyejibu, asiyekuwepo na lake halipo. Wote wakaitikia kwa kichwa. Baba pia. Nilijua huna karatasi za kuishi huko, nilijua ukivuka mpaka kuja kuzika hutaweza kurudi tena kwa watoto wako. Nilijua, na nilisema. Herini zikaenda kwa Cuca, cherehani ikabaki kwangu. Tangu hapo ukipiga simu baba anasema "haya, hujambo, ngoja nikupe Lala," nami sikuwahi kumkemea.

Kumbe lako lipo, na katika vyote alivyoacha mama, ni hilo pekee lililo na mama ndani.

Kama bado unayo, usiitume kwa posta. Posta inapoteza hata bili. Wala usiijaribu jaribu. Kanda kuukuu hukatika ukiichezea mbele nyuma. Tafuta deki, kanisani kwenu hapakosi mzee aliyetunza moja. Jumapili ile ya tarehe 17, saa nne zetu, zenu saa mbili, piga simu ya nyumbani. Mtaa mzima utakuwa umeshafungua La Salita. Sisi tutawawekea watoto fisi maji wapya na kuzima sauti. Wewe weka simu penye spika, bonyeza, kaa kimya. Mimi nitampa baba simu na sitamwambia ni nani. Midomo haitapatana na maneno, najua. Maisha yake yote baba alilipwa ahakikishe vinapatana, safari hii hataona.

Kama iliharibika, au uliifuta kama sisi, niambie tu. Sitafungua mdomo kukulaumu. Ndiyo maana sijamwambia; moyo wake umeshavunjwa na kionjo kimoja, sitaki nimvunjie mara ya pili.

Watoto wamepanga kukaa mstari wa mbele na bisi. Itzel ameuliza kama Remolín wa bibi mkubwa anajua kuogelea chali. Nikamwambia asubiri.

Wasalimie sana mkeo Delfina, na wanao Omar na Yadira, waambie shangazi yao ana sura zaidi ya ile wanayoiona kwenye kioo cha simu. Maribel anakusalimu, Chayo anakusalimu na kukuuliza kama kweli matufaha huko hayana mwisho. Baba hajakutumia salamu, kwa kuwa hajui naandika. Mwenyezi Mungu akuhifadhi katika barabara na baridi, na Bikira akufunike na watoto wako, mpaka siku miguu yako itakapokanyaga tena kibaraza hiki.

Nilitaka kuishia hapo, lakini lipo moja. Kanda itafika mwisho, itaanza kukwaruza, na baba atabaki ameshika simu sikioni. Namjua, hatakata. Na wewe usikate, Nicandro. Mwache asikie unavyopumua, halafu mwambie ni nani aliyemtunza mama.

Nami ni dada yako akupendaye, aliyechelewa kukwambia,

Lala
(Eulalia)