Baba, Gia Ulimpa Karisa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Miaka saba tangu tukuzike na bado nina wivu. Nalisema mapema usije ukadhani nimekuja kukusalimu tu.

Unaikumbuka pikapu yako, uliyobebea mahindi na mihogo kutoka Vitengeni mpaka sokoni Malindi. Mbele tulikaa watatu: wewe kwenye usukani, mdogo wangu Karisa katikati, mimi dirishani na kapu la mama mapajani. Wewe ulikanyaga klachi, yeye akabadilisha gia. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mmoja.

"Sikiliza injini," ulimwambia. "Ikinguruma sana, pandisha. Ikichoka, shusha."

Siku moja nikakuomba tubadilishane viti. Ukanijibu kwamba nitachafua gauni kwa grisi, na gauni lenyewe lilikuwa la kulimia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikaa katikati yetu, kinatabasamu.

Lakini Baba, na mimi nilisikia. Kabla Karisa hajagusa gia, nilikuwa nimeshaubana mkono wa kapu kana kwamba ndiyo gia. Nadhani ndiyo maana leo nina gereji Muyeye, na wanaume wazima huniletea giaboksi zao.

Wiki iliyopita Karisa aliniletea gari lake jipya, la otomatiki. Analalamika kwamba halitaki kubadilisha gia, likiona kilima kidogo linapiga kelele. Nikaketi kando yake, nikamwambia aendeshe.

Gari hizi hujiamulia zenyewe. Kuna kompyuta ndogo inayoangalia mwendo wa gari, na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta. Ukikanyaga taratibu, inaona huna haraka, inapandisha gia mapema. Ukikandamiza, inadhani una mzigo au unataka kumpita mtu, kwa hiyo inashikilia gia ya chini mpaka injini ilie. Gari la Karisa halikuwa na ubovu wowote. Mguu wake ndio ulikuwa mzito, anaendesha gari tupu kana kwamba amebeba magunia yako. Nilimwambia alegeze mguu. Alipolegeza, gia ikapanda kimya kimya.

Nikamuuliza imekuwaje yeye, aliyefundishwa kusikiliza injini na baba mwenyewe, asisikie hata hili. Akacheka, bila ubaya.

"Dada, mimi sijawahi kusikia kitu. Baba alikuwa akinigonga goti. Mara moja nipandishe, mara mbili nishushe."

Kumbe ndani ya pikapu ile, ukijitoa wewe, aliyekuwa akisikiliza injini ni mimi peke yangu. Miaka yote hii niliamini kwamba siku nikilijua jambo kama hilo nitapona. Kweli nilifurahi, tena nikajiona mkubwa, mpaka tulipofika gereji.

Kisha Karisa aliposhuka nikabaki kwenye kiti, naliangalia goti langu. Gia sizitaki tena, Baba, nazishika kutwa. Sasa ninachomwonea wivu ni kule kugongwa goti, safari nzima, Vitengeni hadi Malindi, nawe ukiangalia barabara kana kwamba hakuna kitu. Mimi hukunigusa hata mara moja.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na sijakusamehe bado.

Binti yako wa kwanza,
Kadzo